Aliyempokea Wifi Zamu

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

...basi kama nilivyokuwa nasema kabla sijaitwa kwenda kumshika yule jamaa wa sindano (mwanajeshi mzima, bomu halimtishi, sindano anamwita mama yake), huyu wifi yangu ndiye niliyepangiwa kulala naye chumba kimoja. Wauguzi wote hawa wa jeshi, nikapewa dada wa mume wangu. Nikamwambia Matroni, afande, mimi nimekuja vitani kupumzika mbali na ukoo ule, wewe umeniletea ukoo mpaka kitandani. Hakucheka. Matroni tangu tufike hajacheka, nadhani anasubiri amri kutoka juu.

Hapa tulipo ilikuwa shule. Watoto waliondoka vita viliposogea, jeshi likaingia na machela. Madarasa ndiyo wodi. Ubaoni bado kuna hesabu za kujumlisha, na koplo mmoja aliyevunjika goti, sisi tunamwita Goti, kutwa anazikosoa. Mwisho wa baraza kuna darasa limepigwa misumari mlangoni. Nikauliza kuna nini humo, nikaambiwa paa linavuja. Haya. Mvua imeanza leo, tutaona yapi hayavuji.

Jumatano, tarehe 5

Mvua. Maharage.

Jumapili, tarehe 9

Mvua. Mto umemeza daraja na magari yamekwama ng'ambo. Kikosi cha kutubadili kilikuwa kije mwezi huu, sasa nacho kinautazama mto kama sisi.

Kwa kuwa hakuna pa kwenda niseme la wifi, maana lisiposemwa litaniwasha. Mimi na yeye tuliingia kozi ya uuguzi jeshini siku moja. Shule nilipita kama mtu anayepita sokoni bila hela, naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye alinyamaza watu wakadhani ana akili. Kaka yake alikuja kumtembelea na mfuko wa machungwa. Machungwa akampa dada, macho akanipa mimi. Hilo wifi hajalisamehe mpaka leo.

Mkufunzi wetu alikuwa sajenti mmoja mama wa makamo, tulimwita Nyundo. Alikuwa anasema zamu si kiti, useme unainuka unaondoka. Zamu ni mtoto mchanga, humwachii hewani, mpaka mikono mingine imshike. Anayetoka anapita kitanda kwa kitanda anamweleza anayeingia, kisha anasema, "Nakukabidhi." Anayeingia anajibu, "Nimepokea." Neno hilo lisiposemwa anayetoka hajatoka, hata nyumba ikiungua. Sasa siku moja aliyeingia baada ya wifi alijibu, "Sawa." Wifi akabaki amesimama pale pale kando ya kitanda. Tukaenda kula, tukalala, asubuhi tukamkuta. Nyundo akamuuliza, kulikoni? Akasema, "Afande, sawa si nimepokea."

Ndiye mtu ninayelala naye chumba kimoja. Jiwe lile. Nikimsimulia umbea anageukia ukutani.

Jumatano, tarehe 12

Leo kuna jambo.

Zamu tunabadilishana saa nane mchana. Leo ilikuwa mimi nimpokee wifi. Nilichelewa kidogo, nilikuwa jikoni, mpishi alikuwa ananimalizia habari ya Daktari na yule fundi wa redio ya upepo, na habari ya namna ile huwezi kuiacha njiani ikaharibika. Mvua ilikuwa imekaza, mchana umekuwa kama jioni. Nikapita chumbani kuchukua kitambaa cha kichwa. Namkuta wifi amelala kitandani, buti amevua.

Nikamwambia, "Wifi, wewe? Wodi umemwachia nani?"

"Wewe."

"Mimi nipo hapa mbele yako, natiririka kama bata."

"Umekuja umevaa koti la mvua, umejifunika mpaka usoni. Nikakupitisha kitanda kwa kitanda. Ukasema nimepokea."

"Halafu?"

"Halafu basi. Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Mimi. Na hilo halikukushtua?"

"Nilidhani umekua."

Nilitaka kucheka lakini uso wake ulianza kubadilika. Tukakimbia wote wodini. Wagonjwa wako shwari. Vidonda vimeoshwa, bendeji mpya, mashuka yamekunjwa pembe kama tulivyofundishwa na Nyundo. Goti akaniambia, "Mbona mnarudi, sista? Mwenzenu kashapita." Nikamuuliza mwenzetu yupi. "Yule wa koti," akasema, kama mtu anayetaja jirani.

Sakafu ilikuwa na maji, alama za miguu, zinatoka kwenye mlango wa wodi na kufuata baraza. Nikazifuata kwa umbea wangu. Zilikwenda mpaka lile darasa la misumari. Hazikurudi.

Alhamisi, tarehe 13

Matroni kauliza wauguzi wote. Hakuna aliyeingia wodini saa ile. Kasema ni uchovu, tunywe maji. Maji, na mvua yote hii.

Jumatatu, tarehe 17

Mvua. Fundi wa redio ya upepo ameoa, kumbe. Daktari hajui. Kesho atajua.

Alhamisi, tarehe 20

Wodi si yangu tena. Sijui nilieleze vipi. Nikienda kutundika dripu naikuta imetundikwa. Nikimsalimia mgonjwa anaitika kwa heshima tu, kama unavyomwitika mgeni wa mwenye nyumba, halafu anatazama nyuma yangu. Yule mzee wa mizinga aliyepoteza usikivu hunicheka kila siku kwa namna ninavyopiga kelele ili anisikie. Leo aliniambia taratibu, "Usijisumbue, mama. Mwenye zamu atakuja."

Wanapona, hilo siwezi kukataa. Homa zinashuka. Yeyote anayewahudumia, kazi anaijua.

Lakini wifi. Wifi analala. Tangu tumefahamiana sijaona mwanamke huyu akilala mchana, sasa anatoka chai anarudi kitandani, na uso umemnawiri kama bi harusi. Nikamuuliza, wifi, una homa? Kasema hapana. Kasema, "Nimepumzika. Tangu nikiwa kuruta sijawahi kupumzika hivi. Kitu kimenitoka mgongoni." Akatabasamu. Meno yake yote nimeyaona leo. Sikupenda.

Jumatatu, tarehe 24

Mpishi amegawa wali, akanipa mimi, akampita wifi, akampa aliye nyuma yake. Nikasema, we mpishi, macho umeyasahau sufuriani? Akaangalia pale aliposimama wifi, akaangalia tena, ndipo akasema, "Ala, samahani, sista, sikukuona." Alikuwa mbele yake. Sahani imemgusa tumbo.

Asubuhi pia Matroni alipotuita kwa majina alimruka. Nikadhani ni bahati mbaya. Wifi hakulalamika. Mtu ambaye zamani ungekosea cheo chake cha sajenti angekurekebisha mpaka kaburini.

Alhamisi, tarehe 27

Matroni kamruka tena. Nikainua mkono nikasema, "Na wifi yangu, afande." Kaniuliza, "Nani?"

Jumapili, tarehe 30

Mtandao wa simu unapatikana juu ya ngazi ya tangi la maji tu, tena kwa kubahatisha. Nikapanda na mwavuli. Nikampata mume wangu. Tukasalimiana, akaniambia watoto wazima, mabati ya jikoni yamepaa, na jirani yetu yule wa mkopo kahama kimya kimya. Nikafurahi, damu ikarudi mwilini. Nikamwambia, haya, na wifi anakusalimu.

Akauliza, "Wifi yako yupi?"

Nikasema, "Mimi nina wifi wangapi? Dada yako."

Nikadhani simu imekatika. Nikasikia jogoo wa kwetu anawika, kumbe mume wangu bado yupo hewani. Halafu akasema, "Ahaa. Eh. Yule. Hajambo?" Kwa sauti ile unayomuulizia fundi aliyewahi kukutengenezea kitanda.

Mama yao alifariki wao wadogo. Huyu dada ndiye aliyemlea kaka yake. Aliacha shule ili yeye asome. Mshahara wake wa kwanza wa jeshi ulimnunulia kaka mtu viatu, na mimi nilikuwepo, na nilimcheka wifi kwa sababu yeye alibaki na ndala.

Nimeshuka ngazi ile, mwavuli nimeusahau juu.

Jumanne, tarehe 1, mwezi wa nne

Mvua. Nimelala vizuri sana. Raha ya chumba cha peke yako, unajigeuza utakavyo, hakuna wa kukugunia. Nguo zangu nimezianika mpaka kile kitanda cha pili kisicho na mtu.

Baadaye. Nimerudi kusoma nilichoandika hapo juu na nywele zimenisimama. Kitanda cha pili kina mtu. Wifi yupo pale, nguo zangu mbichi ziko juu yake, naye hajaziondoa. Nimemtoa shati usoni. Kaniambia asante.

Mimi sinyamazi tena. Kuanzia leo namsema. Nitamsema jikoni, wodini, chooni, popote. Kama kuna kazi mdomo huu uliumbiwa ndiyo hii.

Jumatano, tarehe 2

Nimemsema mpaka sauti imekauka. Nikimtaja watu wanakumbuka, nikimaliza sentensi wanasahau. Ni kama kufagia mvua.

Nikamkalia mpishi kooni. Yeye ndiye pekee aliyebaki kutoka kikosi kilichotutangulia, anasema jiko halihami. Nikamwambia leo sitoki hapa, nieleze lile darasa la mwisho. Akamenya vitunguu muda mrefu. Mwisho akasema.

Mwaka jana, mvua kama hizi, mto ulianza kupanda juu ya kingo. Magari yakawahamisha wagonjwa. Darasa la mwisho walikuwa wale wasioweza kuketi, wakaachwa wangoje safari ya pili, na muuguzi mmoja msichana, mgeni kazini. Matroni wa wakati ule akamwambia kaa nao, gari linarudi, humo atakuwemo wa kukupokea.

"Gari halikurudi," mpishi akasema. "Mto ndio uliokuja."

"Na yeye hakukimbia?"

"Tulimwita kutoka mlimani kule. Tulimpigia kelele, wewe binti, toka. Alisimama mlangoni akatujibu hajapokelewa." Akajifuta macho, akasema vitunguu. "Maji yalipopungua hatukukuta mtu. Vitanda tu. Wakapiga misumari."

Basi nikaelewa. Mtoto wa watu hakusimama tu pale kungoja gari. Amesimama kwenye zamu. Na mtu wa zamu akiona muuguzi anasema nakukabidhi, atafanya nini? Atapokea. Kapokea zamu ya wifi, yote, na zamu yote ya wifi ni uhai wake, maana nje ya kazi na kaka yake mwanamke yule hana kitu kingine. Wifi keshapokelewa. Duniani hapa hadaiwi chochote.

Nikamwendea kitandani. Nikamwambia, inuka ukaichukue zamu yako.

"Siitaki, wifi."

"Kaka yako kakusahau."

"Basi na yeye amepumzika," akasema. Hakusema kwa uchungu. "Miaka yote nimesimama kama siku ile kwa Nyundo, nangoja mtu aniambie neno. Sasa limesemwa. Niache."

Nikakaa chini sakafuni nikalia kama mtoto. Mimi niliyedhani ana maringo. Kumbe alikuwa amechoka, miaka yote hii, na mimi nilikuwa naongea.

Ijumaa, tarehe 4

Naandika polepole, nisiruke kitu.

Jana nilifikiri kutwa. Zamu hairudi kwa kulia wala kwa dua ya mdomoni. Inarudi kwa njia moja tu, kupokelewa. Wifi hataki. Matroni haamini. Nimebaki mimi, niipokee kwa niaba yake.

Nilipiga pasi kombati. Nilifunga kitambaa vizuri. Leo sikuchelewa. Mvua ilikuwa ile nzito isiyo na upepo, inayoshuka wima kama nyuzi, na baraza lote likawa kijivu. Nikasimama mlango wa wodi. Goti alikuwa anasema na ubao. Akanyamaza. Wagonjwa wote wakageuza shingo upande mmoja, kwa heshima, nami nikajua amefika.

Koti la mvua la jeshi, la zamani, lile refu. Linatiririka, na paa la juu yake halivuji. Uso sikuuona, nao sikuutafuta. Nikasema kama tulivyofundishwa, "Nimekuja kupokea."

Nikadhani hakunisikia. Halafu akageuka akaanza kitanda cha kwanza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya binti, imekwaruza kidogo kama ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kuzungumza. "Goti. Analala vizuri, bado hajaweza kulikunja. Msifu hesabu zake." Kitanda cha pili. Cha tatu. Mzee wa mizinga, "Ukimsemesha mguse bega kwanza, anashtuka." Mimi nimemhudumia mzee huyo mwezi mzima sikujua kuwa anashtuka.

Tukamaliza wodi. Nikafungua mdomo niseme neno, akaendelea kutembea. Nikajua anakwenda wapi. Nikamfuata, maji ya koti lake yananirukia kwenye buti.

Misumari ilikuwepo na mlango ulikuwa wazi. Vyote viwili nimeviona, usiniulize.

Ndani maji ya mvua yamejaa mpaka kifundoni. Hakuna kitanda hata kimoja, madawati tu yamerundikwa pembeni. Paa linavuja kweli, kila mahali, maji ya sakafuni yanachemka kwa matone. Isipokuwa sehemu. Kulikuwa na sehemu ndefu, zimepangwa mstari, upana wa kitanda kila moja, na juu ya hizo matone hayakugusa maji. Yametulia kama kioo.

Akasimama kwenye ya kwanza. "Huyu usimpe maji mengi. Ataomba. Mloweshe midomo tu."

Ya pili. "Huyu anamwita mama yake. Usimwambie hayupo. Itikia."

Ya tatu. "Huyu ana aibu. Mfunike kabla hujamgeuza."

Hivyo hivyo mpaka dirishani. "Huyu wa dirishani anaogopa giza. Yeye umshike mkono." Akainama akarekebisha kitu ambacho sikukiona, namna unavyorekebisha shuka kidevuni. Kisha akanigeukia, mikono pembeni, kisigino kwa kisigino.

"Nakukabidhi."

Mimi, wanayeniita Redio mkoa hadi mkoa, nilikosa neno. Nilijua ninachoulizwa. Sawa isingetosha. Nikisema nimepokea, napokea wote, wa kule na wa huku, na hao wa huku hakuna hospitali itakayowaruhusu kwenda nyumbani. Nikamuwaza wifi na shati langu bichi usoni, anasema asante.

Nikamuuliza, "Umechoka, mwanangu?"

"Nimechoka, mama."

"Nimepokea."

Alishusha pumzi. Ndefu, nikaisikia inapita kwenye madawati. Akanipita, akatoka barazani, na huko nje nikamwona anafanya kile tunachofanya wote tukitoka kazini, anafungua mkanda huku anatembea. Akaingia mvuani. Koti lilipofika uwanjani lilikuwa rangi ya mvua, halafu ikawa mvua tu.

Nikiwa bado nimesimama majini nikasikia kutoka jikoni mpishi anafoka, "Sajenti, wali wako unapoa hapa, mimi si mke wako." Na sauti ya wifi, kavu, yenye hasira, tamu kuliko kinanda: "Na kijiko chako kichafu, utakilamba wewe?"

Jumamosi, tarehe 5

Wifi kaamka na maumivu ya mgongo. Kanilaumu kwa nguo mbichi kitandani kwake, kwa kukoroma, na kwa kuolewa na kaka yake. Nimemkumbatia akanisukuma. Mume wangu kapiga mara kadhaa nilipopanda ngazi ya tangi, analia, anataka kuongea na dada yake, kaota vibaya.

Wodini wananicheka tena. Nimemgusa mzee bega kwanza.

Alasiri nimekwenda kule mwisho wa baraza kulowesha midomo ya wa kwanza.

Jumanne, tarehe 8

Mvua kidogo. Wifi kanifuata nyuma bila kunisemesha, akanikuta nimeinama juu ya maji natandika. Nilidhani ataniita mwehu. Akauliza, "Ni wangapi, na yupi mzito?" Nikamwambia hawa ni wangu, yeye asiguse, asiseme hata neno moja humu ndani, hata kuaga. Akasimama mlangoni mpaka nilipomaliza. Tukarudi pamoja. Hatukuongea njia nzima, na mimi nikaona si vibaya.

Jumatatu, tarehe 14

Jua. Daraja la chuma limewekwa asubuhi na kikosi cha kutubadili kimevuka. Watoto wadogo tu, wanacheka, buti mpya zinawabana. Goti keshapakiwa, analalamika hakupewa muda wa kufuta ubao. Wifi kaikabidhi wodi yetu kwa binti mmoja mwenye madoa usoni, na binti kajibu vizuri, nimepokea, kwa sauti.

Nilimchukua binti huyo kando ili nimpeleke darasa la mwisho. Tukafika mlangoni. Akaangalia ndani, maji yamekauka, vumbi na madawati. Akaniuliza kwa adabu, "Ni stoo, mama?" Nikautazama uso wake, mtoto wa umri wa mwanangu. Nikasema ndiyo, ni stoo.

Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye ngazi na kalamu, gari linanguruma, wifi yuko juu ya gari amenishikia nafasi kwa koti lake. Nimemwambia Matroni aandike nimeomba kubaki na kikosi kipya, wana upungufu. Kaniangalia sana, akasema atafikiria. Wifi bado hajaambiwa. Nimepanga maneno ya kumwambia, mazuri, yana mzaha ndani yake, ili asishuke garini. Maana akishuka atasema nikabidhi mimi, namjua, na mimi nita

Naitwa. Wifi anaita, anapiga bodi ya gari kwa ngumi, we Redio, tunaachwa. Lakini na wa dirishani naye ameanza, kawingu kamepita mbele ya jua. Nakuja, baba. Nakuja, usiogope, huu hapa mkono